Ng'ombe wa Mwita

Habari kwamba Mwita amekuwa meneja zilifika Issenye asubuhi, na kabla ya saa sita mchana mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati yetu na vyeti vya mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa mgonjwa. Alikuja kuniomba nimwombee kijana wake kazi kwa Mwita, hata ya kufua mashuka. Huku Serengeti meneja ni mtu wa kambi za watalii: ana gari, ana redio ya upepo, ana funguo za stoo, na akikupenda basi umeajiriwa. Nikamweleza taratibu kwamba Mwita si meneja wa kambi, ni meneja wa timu ya besiboli huko Japani, yaani ndiye bosi wa wachezaji, anayeamua nani aingie, nani atoke, nani arushe mpira na nani apumzike. Mama akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake amedanganywa. "Sasa sista," akasema, "hiyo timu haina mashuka?" Vile vyeti nikavipokea, na mpaka leo ninavyo.

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Kazi yangu ni ukunga, nimepokea watoto kwenye tochi ya simu huku fisi wanalia nje, na sikuwahi kusema yallah. Lakini usiku ule Sarota, niliyesoma naye, aliponitumia ile video, nilikaa kitandani nikairudia mpaka chaji ikaisha. Uwanja mkubwa wenye taa nyeupe, watu wamevaa makoti, pumzi zinawatoka mdomoni kama moshi kwa sababu ya baridi, na katikati yao anatembea mtu mmoja mweusi, mwembamba, mkono wa kulia umekunjika kidogo kwenye kiwiko na haunyooki. Anatembea pole pole kwenda kwa kijana anayerusha mpira. Anamwambia neno. Anamgusa bega. Watu elfu kadhaa wananyamaza kumsubiri amalize kusema. Nikajisemea, huyo ni Mwita. Huyo ndiye aliyekuwa anatoboa mabati ya jiko la shule yetu. Na sura yangu ikalowa machozi, niseme nini, nililia.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa kidato cha tatu, hapa hapa Issenye, bwenini. Mchezo ule uliletwa na Mwalimu Shekiondo, mtu wa Lushoto aliyepangwa kwetu kufundisha Jiografia, ambaye alifika na pikipiki, mke mcheshi, na begi moja kubwa la turubai. Alikuwa amejifunza besiboli chuoni kutoka kwa mzungu mmoja wa kujitolea, na yule mzungu alipoondoka akamwachia vifaa vyake vyote. Siku Mwalimu alipolifungua lile begi sebuleni kwake, sisi wasichana wa bwenini tulikuwa tumemletea mama mwalimu maji, tukachungulia. Ndani mlikuwa na glovu za ngozi zilizokauka kama samaki wa kuanika, gongo moja, na mipira midogo migumu, myeupe, yenye nyuzi nyekundu. Mama mwalimu akashika mmoja, akaugonga mezani, akasema, "Baba, hili ni jiwe. Watoto wa watu utawapiga mawe?" Mwalimu akacheka. Akaniuliza mimi kama najua kulainisha ngozi. Nikamwambia kwetu ngozi inalainishwa kwa samli. Basi sebule ile, ambayo makochi yake yalivikwa vitambaa vya kufuma na ukutani ilining'inizwa ramani ya Afrika, ikawa inanuka samli muhula mzima, na kila Jumamosi nilikaa mkekani nikipaka glovu huku nikisubiri sahani ya ugali wa muhogo na dagaa. Mbwa wa jirani alikuja akaiba moja. Tulimkimbiza mpaka mtoni.

Mchezo wenyewe Mwalimu alitufafanulia akiwa amesimama juani na gongo begani. Mrushaji yuko kule, mdakaji amechuchumaa huku, na katikati yao, mbele ya mdakaji, kuna kibao chini. Kando ya kibao anasimama mpigaji na gongo lake. Mpira unatakiwa upite juu ya kibao, mbele ya mpigaji, kati ya magoti na kifua. Ukipita hapo, ni straiki. Ukipita kwingine, umepoteza. Ikatokea shida mara moja: hakuna kijana aliyetaka kudaka. Walisema kuchuchumaa vile ni kukamua ng'ombe, na kazi ya kukamua ni ya wanawake na watoto, mwanaume aliyekwisha kupita jandoni hawezi kukaa vile mbele za watu. Mwalimu wa Lushoto akashika kiuno. Mwishowe akakubali Sarota, mtoto wa kijiji cha Robanda, mnene, mpole, aliyesema yeye hajali kukamua mradi asikimbizwe kimbizwe kuzunguka uwanja. Nasi tuliokuwa tukifanya mazoezi ya netiboli upande wa pili tukampigia vigelegele, "Kamua, Sarota!"

Kisha akaja Mwita. Alikuwa mrefu, hana maneno, anakaa kwa baba yake mdogo karibu na shule, na kila siku alitoka darasani moja kwa moja kwenda kuchunga. Siku hiyo alipita na ng'ombe kando ya uwanja, mpira ukabingirika mpaka miguuni pake, akauokota na kuurudisha. Alifanya hivyo tu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko la shule, na niliusikia mpira ule kabla sijajua ni kitu gani: ulipita na mlio mwembamba, fiiii, halafu ukagonga mabati ya jiko nyuma ya Sarota, na mpishi akatoka na mwiko akipiga kelele kwamba mnaniulia watu. Mwalimu Shekiondo hakumjali mpishi. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Akatembea mpaka kwa Mwita, akamshika mkono wa kulia, akaugeuza geuza kama anayenunua mnadani. "Kijana," akasema, "huu mkono umeupata wapi?" Mwita akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Ni wangu."

Tulidhani tumepata mrushaji, kumbe tulipata balaa. Mwita hakuweza kumlenga Sarota. Kila alichorusha kilipita kwa kasi ya ajabu pembeni ya kichwa cha Sarota, upande ule ule, umbali ule ule, kikaishia kwenye mabati. Mwalimu akamrekebisha mguu, akamrekebisha bega, akamchorea alama kwenye glovu kwa chaki. Wapi! Fiiii, paa, na mpishi nje. Na kwa sababu alikuwa haaminiki, hakuna aliyekubali kusimama na gongo mbele yake. Mwalimu alimwomba Sarota asimame, mwingine adake. Sarota, ambaye wakati wa mavuno alikesha shambani Robanda akifukuza tembo kwa debe na tochi, akavua glovu akaiweka chini taratibu. "Mwalimu, tembo nikimwona nakimbia," akasema. "Hii nitaikimbilia wapi?" Basi Mwita akawa anarusha peke yake, kwa mdakaji tu, bila mpigaji, na mabati ya jiko yakajaa mashimo.

Jumamosi moja nilikuwa uani kwa Mwalimu nasugua sufuria, na sebuleni alikuwa amekuja baba mdogo wa Mwita. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia mama mwalimu akimkaribisha chai, nikamsikia mgeni akiipuliza na kuinywa kwa sauti, halafu akaanza. Alisema yeye hana ugomvi na mtu. Mtoto ni wa marehemu kaka yake, amemsomesha, lakini ng'ombe wanaongezeka na wachungaji hawapo, na darasani mtoto mwenyewe anashika mkia. Muhula ukiisha anamtoa. "Tata, mpe muda," Mwalimu akasema. Neno hilo la Kikurya, tata, yaani baba, alilijua, na alilitumia kila alipotaka kitu. Akamweleza kwamba wageni wa besiboli wanakuja Mugumu mwisho wa mwezi kuchagua vijana, na atakayechaguliwa atapelekwa Dar es Salaam, atasoma bure na kufundishwa. Baba mdogo akazungusha kijiko kikombeni. "Nasikia hata mtu aliyekaa chini hampati," akasema. "Mwalimu, mimi ni mchungaji. Mtoto asiyejua kulenga utampeleka Dar akafanye nini? Lakini sawa. Wakimchagua, aende na baraka zangu. Wasipomchagua, Jumatatu yake yuko na ng'ombe, na tusisumbuane tena." Nilibaki na sufuria mkononi. Sikuwa mpenzi wake, watu wameuliza sana, hapana. Lakini nilikuwa nimeusikia ule mlio, na niliona ni dhambi uishie kwenye mabati ya jiko.

Jumatatu iliyofuata, tukitoka mtoni kuchota maji, nilimwona Mwita akivusha ng'ombe kati ya mashamba ya mahindi. Ng'ombe wa mbele, dume jekundu lenye baka usoni, likaanza kukata kona kuelekea kwenye mahindi ya mtu. Mwita alikuwa nyuma kabisa ya kundi. Hakukimbia wala kupiga kelele. Aliinama, akaokota jiwe, akarusha, na jiwe likapita juu ya migongo yote ile likakata hewa mbele ya pua ya lile dume, shubiri tu. Dume likasimama, likageuka, likarudi njiani. Nikaweka ndoo chini. Nimekulia Tarime, nimeona mawe ya namna hiyo tangu sijaota meno, na kwa sababu nimeyaona siku zote sikuwahi kuyaona. Nikamwita. "Mwita! Kwa nini usimpige tu?" Akanishangaa kana kwamba nimemuuliza kwa nini asimpige mama yake. "Nimpige? Ukimpiga jichoni je? Ng'ombe hapigwi. Anapigiwa mbele." Ndipo kitu kikafunguka kichwani mwangu. Nikamuuliza, "Ukimrushia Sarota, unaangalia nini?" Akafikiri. "Kichwa chake," akasema. "Yuko peke yake pale. Ndiye ng'ombe."

Niliinyakua ndoo nikakimbia, maji yote yakamwagika. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwambia, mwalimu, Mwita hakosi, anakosesha. Anamlinda Sarota. Mpe ng'ombe mwingine. Mwalimu hakuelewa hata kidogo, akaniuliza kama nina malaria. Basi nikachukua helmeti ya pikipiki yake pale ukutani, kubwa, yenye kioo cheusi kilichokwaruzika, nikaivaa, nikaenda uwanjani nikasimama kando ya kibao, mahali pa mpigaji. Sarota akachuchumaa nyuma yangu huku akisali. Mwita akaja, akaniona, akaelewa kabla ya mtu yeyote. Akarusha. Nilisikia fiiii, nikahisi upepo kifuani, nikasubiri mlio wa mabati. Mabati hayakulia. Nikasikia paa, mlio mnene, wa ngozi, na Sarota akipiga kelele, "Mama wee, umeingia! Umeingia wenyewe!" Mpira mbele ya pua ya ng'ombe, kwenye besiboli, ni straiki. Kumbe yule kijana alikuwa amerusha straiki maisha yake yote, ila hatukuwa tumemwekea mtu wa kumkosa. Mwalimu Shekiondo akakaa chini pale pale mavumbini, suruali yake ya kaki, akashika kichwa. Hata leo nikisimulia, nywele zinanisimama.

Siku ya Mugumu tulibebwa kwenye lori, wavulana wa besiboli na sisi wa netiboli, mpaka uwanja mmoja wa mjini, pale Morotonga. Asubuhi tulipewa chai na mihogo ya kuchemsha, na Mwita hakula. Baba yake mdogo alikuwepo, amesimama nyuma ya kamba na fimbo yake. Alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya mnada na akaona bora ashuhudie mwenyewe jambo likiisha. Wageni walikuwa watatu: mzee wa Kijapani, mdogo wa umbo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mkalimani wake, na ofisa mmoja kutoka Dar aliyevaa filimbi shingoni na kuipuliza hata pasipo na haja. Ofisa akatangaza utaratibu. Kila mrushaji atarusha peke yake kwa mdakaji. Hakuna mpigaji, kwa usalama. Nikamtazama Mwalimu, naye akanitazama. Rangi ilikuwa imemtoka.

Akainua mkono, akaomba kijana wake asimamishiwe mpigaji. Ofisa akasema utaratibu ni utaratibu. Mwita akaitwa. Akarusha, ukapita pembeni ya kichwa cha Sarota ukagonga ubavu wa lori. Akarusha tena, pale pale. Akarusha tena. Watu wakaanza kucheka, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mura, hilo lori limekukosea nini?" Mura ni kijana kwa Kikurya. Yule mzee wa Kijapani alikuwa amesogea mbele kwa ule mlio, nilimwona, lakini sasa alianza kutikisa kichwa kwa masikitiko. Ofisa akaweka filimbi mdomoni. Nikamwona baba mdogo anaihamisha fimbo yake mkono huu kwenda mkono ule, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kwa kweli sikufikiri. Ningefikiri nisingekwenda. Nilichukua helmeti kwenye pikipiki, maana Mwalimu alikuja nayo nyuma ya lori, nikavuka kamba na sketi yangu ya netiboli.

"Wewe binti! Unakwenda wapi?"

"Kusimama, mheshimiwa."

"Wasichana ni netiboli, kule. Huku ni wachezaji tu."

"Mimi si mchezaji," nikasema, na sauti ndani ya helmeti ikanirudia masikioni kama ya mtu mwingine. "Mimi ni ng'ombe."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Walicheka mpaka wauza karanga. Ofisa alikuwa amenishika mkono anitoe, lakini mzee wa Kijapani akauliza nimesema nini, na mkalimani akasita, hakujua atafsiri vipi. Ndipo Mwalimu Shekiondo akatoka mbele. Alijua vizuri kwamba mpira ule ukinipata, kazi hana, na labda na mimi sipo. Akasema, "Mwambie huyu kijana ni mchungaji. Kwao ng'ombe hapigwi, anapigiwa mbele. Bila ng'ombe hawezi kulenga." Mkalimani akasema maneno marefu. Mzee hakucheka. Akanitazama mimi, akamtazama Mwita, akatembea kwa utulivu mpaka nyuma ya Sarota, akapiga goti, akamwashiria ofisa aniachie.

Sasa Mwita ndiye aliyekataa. Alisimama kule na mpira mkononi akitikisa kichwa. Issenye tulitumia mipira iliyochakaa. Huu ulikuwa mpya, mgumu, mweupe. Nikamwona anaangalia chini. Nikakumbuka lile dume jekundu, nikafanya lilivyofanya: nikainua mguu, nikapiga hatua moja kuelekea kwenye kibao, kama ng'ombe anayetaka mahindi ya mtu. Kisha nikatulia.

Ninachokumbuka ni sauti. Fiiii, na kifua changu kikapoa kwa upepo, halafu paa, na baada ya hapo kimya ambacho sijawahi kukisikia tena popote, hata kwenye chumba cha kujifungulia mtoto anapochelewa kulia. Akarusha tena. Paa. Akarusha tena, na Sarota baadaye aliapa kwamba glovu hakuisogeza hata kidogo, ni mpira ulioifuata. Sijui alirusha mingapi. Ninajua nilisikia sauti ya baba mdogo nyuma ya kamba, taratibu, akimwambia mtu aliye karibu naye, "Hajamgusa. Mura, umeona? Hajamgusa hata nywele." Nilipovua helmeti yule mzee alikuwa bado amepiga goti, na alikuwa amevua kofia.

Mwita alichaguliwa, akaondoka mwisho wa muhula na begi lililoazimwa. Mimi nikabaki na jina. Mpaka nilipoolewa, na hata baada ya kuolewa, nilikuwa Ng'ombe wa Mwita, na wazee walinitania kwamba mahari yangu itakuwa ngumu, ng'ombe atatolewaje kwa ng'ombe. Habari zake zilitufikia kwa vipande. Yuko Dar. Amepelekwa Japani. Analipwa kurusha mpira, na hili la kulipwa baba mdogo alilirudia kila mnadani mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Sarota, aliyekuja kuwa dereva wa watalii, alitafuta picha zake kwenye simu za wageni. Halafu tukasikia kiwiko kimeharibika. Amepasuliwa. Amepasuliwa tena. Mkono ule, ule mkono, hautarusha tena. Siku hiyo nilifunga mlango wa ofisi nikakaa peke yangu. Nikadhani atarudi nyumbani kuchunga. Kumbe alikaa huko huko akawa kocha wa warushaji, akianzia na watoto wa shule, akapanda, akapanda, mpaka ile asubuhi ya vyeti kwenye mfuko wa plastiki.

Mwezi wa kumi na mbili, ligi yao ilipopumzika, Mwita alikuja. Alikuja na mipira na glovu mpya, akatumia siku kadhaa pale pale Issenye kuwafundisha watoto, na mimi nikaomba ruhusa nikaenda kutazama. Mwalimu Shekiondo hakuwepo, amelala kaburini kwao Lushoto miaka sasa, lakini Mwita alianza kwa kuvua kofia na kuinamia uwanja, na nilijua anamwinamia nani. Miongoni mwa watoto kulikuwa na binti mmoja, Ghati, mwenye mkono wa kutisha na asiye na shabaha hata ya dawa. Watoto wote walimkimbia. Nikamwona Mwita, meneja mzima, mtu mwenye mvi, anachukua kofia ngumu ya mpigaji, anaivaa, anakwenda kusimama kando ya kibao. "Rusha," akamwambia. Mpira wa kwanza ulimpiga ubavuni. Akajikunja, akapumua, akasimama tena pale pale. "Rusha." Kijana mmoja Mjapani aliyekuja naye alikuwa kando yangu, anajua Kiswahili cha kuombea maji. Akanionyesha kwa kidole, akatabasamu. "Kocha, siku zote," akasema. "Siku zote anasimama. Wachezaji wote."

Jioni alikuja kwangu kula. Nilimpikia mbuzi, na mchuzi wa kichuri, ule mchungu unaotoka tumboni mwa mbuzi, maana aliniambia ameuota miaka mingi. Alikula kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Bhoke, siku ile Mugumu, unajua sikumwona ng'ombe?"

"Ulimwona nani?"

"Wewe. Kule Issenye nilimwona ng'ombe, lakini Mugumu nilikuona wewe. Niliona magoti yako yana vumbi. Mkono wote ulikufa ganzi, sikujua mpira unakwenda wapi." Akasukuma sahani. "Halafu ukapiga ile hatua, ukasimama. Hukutikisika. Nikasema, huyu ananitazama bila kupepesa. Kama yeye anajua hautampiga, basi na mimi najua. Nikarusha. Na toka hapo, Bhoke, nimesimama mbele ya watoto wengi, wengine wanarusha kasi kuliko mimi wakati wangu. Naogopa kila mara. Lakini sifumbi macho. Nawaambia, nyumbani kuna msichana hakufumba."

Ningeweza kunyamaza. Watu wazima wawili, mbuzi mezani, sifa nzuri imeshakaa mahali pake. Lakini nilikuwa naye mbele yangu, na mbavu zake zina alama ya mpira wa mchana.

"Mura," nikamwambia, "helmeti ilikuwa na kioo cheusi."

Akanitazama.

"Nilifumba. Issenye nilifumba, na Mugumu nilifumba toka nilipopiga ile hatua mpaka ofisa aliponigusa bega. Sijawahi kuuona hata mpira wako mmoja."

Nilidhani ataumia. Bega lake likaanza kucheza, kisha lile la pili, na akacheka mpaka akashikilia ubavu wake ulioumia, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka, tukawa tunashikana mikono mezani kama watoto. "Kwa hiyo nilikuwa natazama peke yangu," akasema alipopata pumzi. "Nilikuwa sioni, na wewe ulikuwa huoni. Nani sasa alikuwa anajua?" Mpaka leo sijui.

Asubuhi yake, kabla hajaondoka, nilikwenda uwanjani na sare yangu ya zahanati. Nikaiomba ile kofia ngumu, ambayo haina kioo. Magoti yangu yanauma, nina miwani, na watoto walishaanza kucheka. Nikasimama kando ya kibao. Mwita hakunizuia. Alimtazama Ghati, akanitazama mimi, akaenda mwenyewe kuchuchumaa nyuma yangu na glovu, meneja wa Japani amekaa mkao wa kukamua mbele ya Issenye nzima. "Rusha, mwanangu," nikasema. Ghati akainua mguu. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi, na nikauona mpira: ukitoka mkononi mwake ukiwa mdogo, ukikua, ukija, na nyuzi zake nyekundu zinazunguka, zinazunguka, ukapita mbele yangu.